Daktari wa Harufu na Kuku Tisa wa Amalemba

Osiako hakuwa mtu wa kusoma matangazo, lakini lile la ukutani kwa chifu lilimsimamisha kama mtu aliyeitwa jina. Kiwanda cha kuchakata takataka kando ya Amalemba kinataka kupanuka. Wenye malalamiko ya harufu waje Ijumaa waseme.

"Ai!" akajiambia. "Hata uvundo una soko, na mimi nimelala?"

Jumanne asubuhi akashuka mtaani na koti jeupe la mchinjaji, lililofuliwa mpaka likasahau damu, na kile kidude cha kupimia upepo wa tairi. Watu wenyewe wakamwita daktari. Yeye ni nani hata akatae?

"Kiwanda kitalipa fidia," alisema nyumba kwa nyumba, "lakini si kwa maneno. Ushahidi uko ndani ya mapafu ya kuku. Kuku hutembea chini, na uvundo hutembea chini. Nipe mmoja nikampime."

"Na jogoo je?" akauliza Shikanga, ambaye tamaa haikumpa usingizi.

"Jogoo ana kifua kipana, mzee. Huyo analipiwa zaidi."

Shikanga akaleta jogoo. Tena, ili kwake kunuke kuliko kwa jirani, akamwaga matumbo ya samaki mlangoni pake. Jirani naye hakukubali kushindwa. Akahamisha samadi hadi chini ya dirisha la chumba anacholala. Kufikia jioni mtaa ulinuka mpaka kiwanda chenyewe kikaonekana hakina hatia.

Kuku tisa! Mnunuzi wa Mumias angewachukua Ijumaa alfajiri. Walale wapi? Kukhu Nasambu, bibi mjane aliyepakana na ua wa kiwanda, akasema, "Walaze jikoni kwangu, mwanangu. Nawe lala sebuleni. Mgeni ni baraka."

Wajua desturi yetu: kuku hulala jikoni, na mwanamume mwenye heshima haingii jikoni kwa mwanamke. Daktari mzima achungulie vyungu? Akaketi sebuleni. Jioni hiyo akaletewa ingokho, kuku wa heshima, nyama juu ya nyama, na firigisi juu yake, kama baba mkwe. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi ndiyo ilizidi, maana akina mama wa kanisa walijaa nyumba, wakila na kuiombea hewa. Na mgeni haulizi kuku ametoka wapi. Osiako akalamba vidole.

"Kukhu, wewe ni mtu wa watu!"

Ijumaa alfajiri mnunuzi akapiga honi. Osiako akasimama nje ya jikoni, akaita kuku wake. Kimya.

"Kukhu, kuku wako wapi?"

"Wako ndani yako," akasema Nasambu, akiosha sufuria. "Umewapima wote. Kwa meno."

Osiako akasahau desturi, akachungulia jikoni. Manyoya tu.

"Ulikuja kupima kwangu asubuhi, ukasema uvundo umezidi. Asubuhi upepo hupeleka harufu upande wa mto; kwetu huja jioni. Nikajua huyu hata pua amekodi. Sasa sikia. Wakipanua kiwanda, lile rundo la takataka litasimama dirishani pangu. Chagua: niwaambie wenye kuku, ama uende mkutanoni ukadanganye kwa faida yetu."

Akaenda. Hakuna mwongo aliyewahi kusema kweli kwa uchungu hivyo. Akaeleza kuku waliokohoa kama wazee wa tumbaku, mpaka Makhanu, meneja wa kiwanda, akafuta jasho.

"Na hayo mapafu yako wapi, daktari?"

"Nimeyabeba mwenyewe," Osiako akajibu, mkono tumboni, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Makhanu akaandika mbele ya wote: hakuna kupanua mpaka rundo lijengewe paa na kuta. Watu wakashangilia. Shikanga peke yake akaulizia jogoo. Nasambu akamwambia amekufa akitoa ushahidi. Kisha mkutano ukamchagua Osiako, kwa sauti moja, awe mlinzi wa hewa kila jioni, bila mshahara. Alipofungua mdomo kukataa, Nasambu akamtazama Shikanga, kisha akamtazama yeye. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Jioni Nasambu akamletea kigoda pale uani.

"Keti, baba, unuse vizuri. Obusuma nitakusongea, nikuletee na mboga. Kuku wameisha."