Kadi ya Sauti ya Kushonea Kanzu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeuawa tena. Nilisikia vishindo upande wa kushoto, nikageuka kushoto, risasi ikaja kutoka kulia. Jioni nzima ilikuwa hivyo. Mutoni, kapteni wetu, aliwaambia wote kwamba timu yake ina wachezaji wanne na nguzo moja ya umeme. Nguzo ni mimi.

Mashindano ya mchezo wa kompyuta ni Jumamosi. Timu itakayoshinda inakwenda Kampala. Sijawahi kuvuka mpaka wowote. Ganza, mchezaji wetu wa akiba, anaitaka nafasi yangu. Ananunua hedifoni mpya kila baada ya muda mfupi na anazungumza polepole, kama daktari. Leo alisema tatizo langu ni masikio.

Nimelitafakari jambo hili kwa haki. Tatizo si masikio. Tatizo ni kwamba nasikiliza sauti ya bure, ile iliyokuja na kompyuta. Wachezaji wa kweli wana kadi ya sauti.

Kompyuta si yangu. Ni ya shangazi Yasmina, fundi cherehani, na iko dukani kwake hapa Gikondo, ukuta kwa ukuta na gereji. Inaendesha mashine ya kudarizi. Mimi nachora nakshi kwenye skrini, mashine inashona. Mwaka jana nilimweleza kwamba maua hayawezi kutoka vizuri bila kadi kubwa ya picha. Aliinunua. Mchezo ukaanza kwenda vizuri sana.

Leo nimemweleza kwamba nyuzi zinakatika kwa sababu kelele za gereji zinaingia ndani ya kompyuta. Kadi ya sauti ingezitoa. Aliuliza kama nina hakika, kwa sababu ana kanzu na joho la bwana harusi la kumaliza kabla ya Jumapili. Bwana harusi ni Usumani, kaka yake Ganza. Hata wateja wetu ni wa ukoo ule! Nilisema nina hakika kabisa. Akakubali.

Jumanne, 7 Oktoba

Mjini kwa Salvator, muuza vifaa vya kompyuta. Alikulia Bujumbura na anaweza kukuuzia mlango wa nyumba yako mwenyewe. Aliniwekea kadi tatu juu ya meza. Ya kwanza ndogo, haina sifa yoyote. Ya pili ni ya nje, kisanduku kama cha kiberiti, unachomeka tu. Ya tatu inaingia ndani ya kompyuta, inatoa sauti kutoka pande saba, na ina taa nyekundu.

Nilimuuliza taa ni ya nini. Alisema ni ya nguvu.

Nilimpigia Mutoni kupata ushauri, ili baadaye asiseme sikushauriana. Alisema kwa mtu anayevaa hedifoni ile ya nje inatosha, na pande saba ni kwa watu wenye spika saba. Akaongeza kwamba kabla ya kununua chochote nizikague hedifoni zenyewe. Ganza alikuwa karibu naye. Nilimsikia akiuliza nina masikio mangapi.

Nimechukua yenye taa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeifunga mwenyewe, shangazi akiwa sokoni. Shida ndogo: hakukuwa na nafasi. Kadi ya picha imejaa kama mgeni aliyelala kwenye kochi. Nafasi iliyobaki ilikuwa na kikadi fulani kizee, chenye vumbi, kilichoshikwa na kebo nene ya kijivu. Nilikitoa. Kebo niliisukuma nyuma ya kabati, duka lionekane safi.

Taa nyekundu ikawaka. Nikachomeka hedifoni kwenye tundu la mbele, kama kawaida.

Sijui niandike nini. Ni kama nimezaliwa upya! Nasikia majani. Nasikia adui akibadilisha risasi chumba cha pili. Nilisikia hata mtu akigonga bati, nikajificha kwa muda mrefu, ila yule alikuwa fundi wa gereji. Nimewaandikia timu nzima maelezo marefu kuhusu tofauti kati ya sauti ya bure na sauti ya kweli. Nimewashauri wote wanunue. Ganza amejibu kwa kidole gumba.

Bado nauawa kwa nyuma. Masikio yanahitaji muda kuzoea ubora.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mashine ya kudarizi haifanyi kazi.

Shangazi alibonyeza, akazima, akawasha, akapuliza vumbi. Kanzu ya Usumani imefungwa kwenye fremu, nusu ya kola ina nakshi, nusu nyeupe. Aliniita. Nilichungulia nyuma ya kabati na kuelewa ile kebo ya kijivu ilikuwa ya nani.

Sasa, mtu mwenye haraka angerudisha kile kikadi. Mimi nilifikiri kwanza. Nikikirudisha, kadi ya sauti inatoka, na keshokutwa ndiyo mashindano. Nikamwambia shangazi kwamba kompyuta inaumwa, imeshika virusi kutoka kwenye simu ya mteja, na lazima ilazwe kwa fundi mpaka Jumapili.

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniudhi kidogo. Alikaa, akavaa miwani, akamtumia ujumbe jirani yetu Pudentienne, ambaye zamani alidarizi vitambaa vya altare za kanisa kule Burundi. Wameanza kushona kola kwa mkono.

Ijumaa, 10 Oktoba

Duka haliwezi kutumika. Wanawake wawili wameinama juu ya nguo moja, mmoja anasali rozari, mwingine anahesabu mishono, na mimi natakiwa kujiandaa kwa mashindano. Kompyuta nimeificha kwa rafiki, kwa jina la fundi.

Shangazi aliniomba nimtungie nyuzi kwenye sindano kwa sababu macho yamechoka. Nilimtungia. Kisha nikakumbuka nina mazoezi. Vidole vyake viwili vimefungwa plasta. Nilimshauri apumzike.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa nje, kwenye matofali.

Mvua asubuhi. Nimepanda pikipiki hadi Kinyinya, upande wa pili wa mji, kompyuta mapajani, nimeifunga kwa kipande cha bitana kilichobaki kwenye joho. Mashindano yalikuwa nyumbani kwao Ganza, jengo jipya ambalo bado halina rangi. Sebule nzima nyaya.

Mchezo wa kwanza: vishindo kushoto, nikageuka kushoto, nimekufa. Wa pili vivyo hivyo. Ganza akaja nyuma ya kiti changu na kuinama. Akauliza kwa upole mno kwa nini hedifoni zimechomekwa mbele. Tundu la mbele ni la sauti ile ile ya bure. Kadi yangu ina tundu lake nyuma. Tangu Jumatano haijatoa mlio hata mmoja. Imekuwa ikiwaka taa tu.

Nilichomeka nyuma. Kusema kweli, sauti ilibadilika. Ilikuwa nzito, safi, nzuri sana. Nikafa kwa uzuri.

Ndipo Mutoni alipokuja, akanivua hedifoni kichwani kama mama anayemvua mtoto kofia, akaziangalia ndani.

"Ilyasi, umevaa kinyume. Kushoto iko kulia."

Watu walicheka mpaka wale wa veranda wakaja kuuliza kuna nini. Nilijitetea. Kwenye hedifoni kuna L na R. Neno "kulia" lina L. Neno "kushoto" halina. R nilidhani ni chapa ya kiwanda. Isitoshe, mji huu mzima watu wanabadilisha L na R kutwa, wanasema wanakwenda kura chakura, na hakuna aliyewahi kufukuzwa kwenye timu kwa sababu hiyo. Nilidhani hoja hii ina nguvu.

Nilikuwa bado naifafanua wakati mlango ulipofunguliwa na shangazi Yasmina akaingia, kanzu na joho mkononi, amekuja kumpima bwana harusi. Sikujua kwamba nguo wanapimia huko huko nyumbani. Aliangalia nyaya. Aliangalia kompyuta yake, na ile bitana sakafuni.

"Mwanangu, hii ndiyo kompyuta iliyolazwa?"

"Imeruhusiwa leo asubuhi, shangazi."

Alimgeukia Usumani, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, akamvalisha kanzu, akaanza kuipima kola kwa vile vidole vya plasta. Nilitamani apige kelele. Ganza akakaa kwenye kiti changu, akavaa hedifoni zake, na timu ikashinda michezo yote iliyobaki.

Jumapili, 12 Oktoba

Harusi. Nilikwenda kwa sababu ya pilau. Kanzu ilisifiwa kuliko bibi harusi. Wazee waliishika kola, wakaigeuza, wakasema mashine haiwezi kazi hiyo. Kabla ya mchana shangazi alikuwa amepata wateja wapya, wote wanataka kazi ya mkono.

Nilimsogelea na kumkumbusha kwa unyenyekevu kwamba bila mimi mashine ingefanya kazi, na bila mashine kugoma sifa hizi zisingekuwepo. Sikuomba shukrani. Nilitaka tu ijulikane. Alinipa sindano na kunielekeza kwa Pudentienne nikafundishwe.

Mutoni ameniambia kwamba Kampala anakwenda Ganza. Mimi nitabaki akiba, endapo Ganza atapata ajali. Alisema ajali kubwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nashona kola. Kile kikadi kimerudi mahali pake, mashine inafanya kazi, na Pudentienne ndiye anayekaa kwenye kompyuta. Anatumia mkono wa kushoto, anachora taratibu, na kila akimaliza ua moja anaomba tumshangilie.

Mchana walipokwenda kula nilijaribu kucheza, hedifoni zikiwa upande sahihi. Nimekufa haraka kuliko zamani! Sasa nimeelewa. Masikio yangu yamezoea kinyume. Ni kipaji ambacho watu wa hapa hawajakijua. Kinachohitajika ni kadi inayobadilisha kushoto kuwa kulia kabla sauti haijafika kwangu. Nimempigia Salvator. Anasema anayo, na ina taa ya bluu.

Jioni hii nimemweleza shangazi kwamba kompyuta za kawaida zimetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia, ndiyo maana Pudentienne anachelewa, na kwamba kuna kadi maalumu ya mashoto. Aliweka sindano chini. Akaniomba nirudie maelezo yote, polepole, kwa sauti, mbele ya Pudentienne na wateja.

Nimerudia. Wamesikiliza kwa makini sana, hakuna aliyenikatiza. Nadhani atanunua.