Macho ya Marehemu Ekitela

Jumatatu, 7 Julai

Mdomo wangu utaniua. Leo Mama Akidor, ambaye hunipa chai kibandani kwake hata siku sina kazi, amelia mbele yangu. Jumapili ni ibada ya ukumbusho wa mumewe, Ekitela, na hana picha yake hata moja. Simu iliyokuwa na picha iliibiwa. Kitambulisho kilirudishwa serikalini kifo kilipoandikishwa. Nikamwambia asijali, nitamchora. Mimi, Njogu! Maisha yangu yote nimechora mbuzi na ngamia kwenye kuta za bucha. Uso wa mtu sijawahi. Amenishika mikono yote miwili, akasema Mungu anibariki. Nimekula chapati mbili za bure.

Jumanne, 8 Julai

Nimekaa na penseli tangu asubuhi. Miaka sita nilikula na Ekitela meza moja. Ndiye aliyenitafutia kazi ya kwanza hapa Isiolo. Sikumbuki pua yake! Nimeona aibu kweli. Nimemwomba Mungu msamaha, halafu nikachora pua yangu.

Guyo, yule anayejiona kwa sababu huchora vichwa vya watu kwenye kuta za kinyozi, amepita akachungulia. Ameuliza kama hicho ni kiazi. Nikamwambia kazi bado inaendelea. Ati nianze na jicho, jicho likikubali mengine yatafuata. Anadhani nitafuata ushauri wake! Kesho naanza na jicho.

Jumatano, 9 Julai

Mpango kabambe! Watu hawatulii. Ukimkazia mtu macho dakika mbili anauliza kuna nini. Mbuzi hana neno. Nimeshinda soko la mifugo nikichora macho. Arobaini! Kope, weupe, ule mng'ao wa maji, kila kitu. Mbuzi mmoja kutoka Garbatulla alitulia kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nashukuru sana kwa mbuzi yule. Jioni nimemwekea Ekitela macho mazuri kabisa.

Alhamisi, 10 Julai

Midomo imenishinda. Suluhisho: ndevu! Nimemfunika kuanzia puani hadi shingoni. Dakika kumi, kazi kwisha. Sijui kwa nini Guyo huchukua siku tatu.

Ijumaa, 11 Julai

Balaa. Nimebeba picha kuipeleka kibandani. Njiani Abdinasir mwenye bucha ameitazama, akaisifu, akauliza ni ya bucha gani. Nikaangalia tena. Mboni! Nimezilaza zote mbili, kama za mbuzi.

Nilitaka kugeuka nirudi, lakini Mama Akidor alikuwa ameshaniona. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema taratibu kwamba mumewe hakuwahi kufuga ndevu, na zile mbili tatu zilizojitokeza alizing'oa marehemu mwenyewe. Kuhusu macho hakusema kitu. Akanimiminia chai. Nimeinywa bila kuinua macho.

Jumamosi, 12 Julai

Saa moja asubuhi Mama Akidor amenigongea mlango, yuko na binti yake Akidor. Akasema macho ya Ekitela hayakuzikwa, ni haya hapa, nichore.

Akidor amekaa juu ya ndoo ya rangi masaa manne bila kulalamika. Mama yake alisimama nyuma yangu akitoa amri. Pua ipanuke kidogo. Kovu juu ya jicho la kushoto, pale alipopigwa pembe na fahali. Mdomo wa chini ulikuwa ukilegea akisikiliza redio. Kila alichosema nilikikumbuka. Nilichora huku nikijifuta machozi kwa mkono wenye mkaa wa kuchorea, na hakuna aliyenicheka.

Hata Guyo alikuja bila kuitwa. Akaniachia penseli yake laini ya vivuli, akaenda zake. Nimemsamehe, mpaka Jumatatu.

Jumapili, 13 Julai

Picha imesimamishwa mbele ya kanisa. Sikio moja liko juu ya mwenzake, najua. Lakini Emuron, kaka mkubwa wa marehemu, alifika kutoka Burat, akatembea moja kwa moja hadi mbele, akavua kofia, akaisalimia picha kwa Kiturkana: Ejoka. Akangoja kidogo, kama angejibiwa. Mama Akidor alinishika mkono mpaka mwisho wa ibada.

Sijui nimefanya nini kustahili watu hawa. Nashukuru. Nashukuru tena.

Jumatatu, 14 Julai

Pasta amekuja nyumbani. Anataka mitume wote kumi na wawili kwenye ukuta wa kanisa. Mama Akidor amejitolea kunitafutia wanaume kumi na wawili wa kukaa niwachore, mmoja mmoja. Nimemshukuru kwa moyo wote, nikamwambia asijisumbue.

Guyo ameuliza nitawezaje bila mtu wa kumtazama. Huyu kijana haelewi kazi. Mitume ndio rahisi kuliko wote: hakuna mjane wao hata mmoja atakayekuja kuniambia pua si yake.