Mashine Iliyokuwa Ikifikiri

Injinia hakuwa injinia, lakini alikuwa na ovaroli safi, na katika mji ule wachache huuliza zaidi ya hapo. Asubuhi hiyo aliingia karakanani kuomba gundi ya kubandikia mguu wa kitanda chake. Akamkuta mwenye karakana, ambaye wote walimwita Bosi, ameinamia simu kama mtu anayesoma barua ya mapenzi.

"Tazama," Bosi alisema, bila kujali ni nani anayetazama.

Kwenye video, ndani ya kiwanda kisicho na mtu, mikono ya chuma ilikuwa ikikata mbao, ikizitoboa, ikiunga meza.

"Hata taa hawawashi. Mashine hazihitaji kuona. Haziugui. Haziendi mazishini."

"Wala haziombi ruhusa," Injinia alikubali, akaisahau gundi.

"Mimi nina mafundi watano na yule mama wa msasa. Kila mwezi kuna aliyefiwa."

"Pole sana, mzee wangu. Unateseka. Bahati nzuri, mashine kama hizo ndiyo kazi yangu."

Mashine ikajengwa uani kwa Injinia: plaiwudi iliyopakwa rangi ya fedha, taa za mapambo, na feni iliyonguruma kuliko ilivyopuliza. Upande mmoja palikuwa na tundu la kuingizia ubao, upande wa pili tundu la kutolea mguu wa meza. Katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, seremala asiye na kazi, akiwa na randa, patasi na tochi kichwani.

Bosi hakumjua Shemeji, ingawa alimjua baba yake. Yule mzee alimkerezea Bosi miguu ya meza maisha yake yote, mpaka siku alipoanguka kando ya mashine yake ya kukereza. Siku ya mazishi Bosi alipeleka viti kwa ajili ya waombolezaji. Jioni akatuma mkokoteni kuvichukua, na baadhi ya waombolezaji walikuwa bado wamevikalia.

Siku ya majaribio, mashine ikiwa imeletwa karakanani, Bosi alichora mguu wa meza alioubuni mwenyewe kwenye boksi la viatu: mnene juu, mnene chini, na katikati mwembamba kama mtu aliyepitia miaka mibaya. Mchoro na ubao vikaingia tunduni. Taa zikawaka. Feni ikanguruma. Muda ukapita.

"Mbona haitoi kitu?"

"Inafikiri."

"Inafikiri sana."

"Mzee, ungependa yako iwe haifikiri?"

Hapana, Bosi hakutaka hivyo. Na mguu ulipotoka, ukiwa na vumbi la mbao na unene wake wote mahali pake, alitaka kitu kimoja tu: kujua bei.

"Sihitaji pesa yako," Injinia alisema, akageuza uso pembeni kama mtu aliyetukanwa. "Nipe tu hivi vyuma vya zamani. Msumeno wa meza, mashine ya randa, na ile ya kukereza. Nakuondolea uchafu."

Bosi, aliyekuwa amejiandaa kulia njaa, karibu alie kwa furaha.

Mguu ule alipewa Bi Msasa, kama alivyopewa kila mguu uliowahi kutoka karakanani humo. Akapitisha kidole gumba chini yake. Kidole kikateleza. Nta ya mshumaa. Mtu mmoja tu alikuwa akipaka nta chini ya miguu ya meza, ili meza ikisogezwa isimwamshe mtoto aliyelala. Na mtu huyo walikuwa wamemzika.

Bi Msasa akauweka mguu chini. Alisubiri wenzake waende kula na Injinia amsindikize Bosi hadi getini. Kisha akabisha kwenye plaiwudi.

"Mwanangu, umekula?"

Feni ilinguruma. Baadaye mashine ikajibu kwa sauti ndogo:

"Bado, mama."

Akaimega nusu ya mkate wake, akaipitisha tunduni.

"Unajua mashine ya baba yako inapelekwa wapi?"

"Kuna fundi wa nje ya mji ataitunza. Shemeji ameniahidi."

"Shemeji yako nimemsikia kwenye simu, amejificha nyuma ya choo. Inakwenda kwa muuza vyuma chakavu. Wataikatakata. Na sisi tunafukuzwa siku hiyo hiyo."

Mashine iliacha kutafuna.

Asubuhi ya makabidhiano, Shemeji aliamka amejishika tumbo.

"Leo? Leo hii, shemeji?"

"Tumbo halikuniuliza. Humo ndani nimekuachia miguu mitatu, imeshakamilika. Ubao ukiingia, wewe toa mguu. Mimi nitavaa ovaroli nipande na lori, nipakie vyuma."

"Halafu unakuja kunitoa."

"Sasa nitakuacha humo?"

Injinia, aliyekula na kuvaa kwa maswali ya namna hiyo, hakulitambua lilipomjia yeye. Akaingia sandukuni.

Mafundi watano walizipakia mashine za zamani kwa upole ambao haukustahili uchafu. Bosi akawatangazia kwamba hawana kazi tena. Wakampa mkono mmoja mmoja, wakamshukuru, na ilimuuma kidogo kwamba hakuna aliyelia. Kisha akafunga mlango wa nyuma wa mashine yake mpya kwa kufuli.

"Washindani wasichungulie," alimweleza Shemeji, aliyejitambulisha kwake kama msaidizi wa Injinia.

"Umefanya vizuri, mzee. Mimi nisingethubutu."

Bi Msasa alikuwa wa mwisho kupanda lorini.

"Mpigie dada yangu," Shemeji alimwambia. "Mumewe atachelewa chakula."

Jioni, katika banda la kukodi upande wa pili wa mji, mashine ya kukereza iliunganishwa na umeme. Ikavuma kwa sauti yake ileile. Kisha Bi Msasa akauliza kama kuna mwenye mshumaa.

Bosi naye alikuwa amekaa peke yake mbele ya taa za mapambo. Miguu mitatu ya kwanza ilitoka haraka, akafurahi sana. Ubao wa nne ulikuwa umeingia tangu mchana.

"Inafikiri," aliiambia karakana tupu.

Ndani kukasikika patasi ikianguka, na neno ambalo halitamkwi mbele ya wakubwa. Halafu, baada ya kulivumilia vumbi kwa muda mrefu kadiri mtu awezavyo, mashine ikapiga chafya.

"Afya," Bosi alisema, maana mama yake alimlea vizuri.

Akaitazama mashine. Na kwa mara ya kwanza siku ile, yeye pia akaanza kufikiri.