Giaboksi na Wimbo wa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Gari limekufa. Halikuharibika, limekufa, katikati ya barabara ya mji huu mdogo, mbele ya duka la magodoro, na wateja wakatoka nje kututazama. Jina la bendi limeandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu. Leo ndiyo mara ya kwanza kusomwa na watu wengi hivyo.

Tumelisukuma mpaka gereji. Mimi nilikaa kwenye usukani kwa kuwa ndimi meneja. Mpiga besi akasema kwa sauti ya kusikika kwamba tungempunguza meneja kwanza, gari lingekuwa jepesi. Nimemsamehe. Mtu aliyekaa na nyuzi nne tu maisha yake yote lazima awe na kinyongo.

Fundi akaingia chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono kwa gazeti, akatangaza kwamba giaboksi imekwisha. Nikamuuliza imekwisha kiasi gani. Akaniwekea kiganjani jino la chuma lililovunjika, akataja bei. Siiandiki hapa. Shajara ni yangu mwenyewe lakini bado ninaona haya.

Na Jumamosi tunasubiriwa hotelini! Hoteli yenyewe ni ya maana: mkataba wa mwaka mzima, vyumba, chakula. Mwenye hoteli atatusikiliza jioni hiyo, na tusipofika kuna bendi nyingine inameza mate nyuma yetu.

Mdogo wangu wa kike amenivuta nyuma ya rundo la matairi. Yeye ndiye mwimbaji wetu, na ndiye sababu ya watu kutoa hela zao, jambo ambalo sijawahi kumwambia na sitamwambia. Hakupandisha sauti. Amesema amechoka kulala kwenye kiti cha gari huku ameegemea dramu. Tukiikosa hoteli hii, yeye na bendi yangu basi. Nikamwambia mambo hayo amwachie kaka yake. Akajibu kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu mama afariki, na angalia tulipo.

Nimeumia sana. Sikuonyesha. Nikaenda kununua sigara kwa pesa yake.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kupiga sokoni, watu watuchangie. Tukatandika vyombo karibu na wauza ndoo. Mdogo wangu akaimba vizuri mpaka wanunuzi wakasahau kupatana bei. Nikapita na kofia. Kofia ikaanza kuwa nzito. Ndipo akaja askari wa soko kuuliza kibali kiko wapi. Nikamweleza kwa ufasaha kwamba muziki ni haki ya kila mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaondoka na kofia. Hata kofia yenyewe hakuirudisha.

Mpiga besi alicheka mpaka akakaa chini. Mpiga dramu hakusema kitu. Mpiga dramu huwa hasemi kitu. Nimesafiri naye miaka na sijui hata kama ana mke.

Mchana mambo yakabadilika. Mdogo wangu alikuwa anaanika nguo uani mwa gesti tuliyofikia, anaimba polepole ule wimbo wa mama. Mwenye magodoro alikuwa amekuja kuleta godoro, akasimama nalo kichwani mpaka wimbo ukaisha. Akanifuata, macho mekundu. Akauliza kama wimbo ule unaweza kuimbwa kwa ajili ya mama yake, mbele za watu.

Katika kazi yetu jambo hili ni la kawaida. Anayetaka kutajwa ndani ya wimbo analipa, anatajwa. Tumewahi kumsifu mwenye bucha mpaka ng'ombe wake. Lakini wimbo wa mama ni habari nyingine. Mdogo wangu aliutunga wiki tuliyomzika, na hauimbi kwa malipo. Huuweka mwisho kabisa, watu wakishaanza kutoka, na mimi saa hizo nipo mlangoni na boksi la kiingilio. Kwa hiyo mimi naujua mwanzo wake tu, pale anaposema *nyumba hii haina mama mwingine*. Panatosha. Ni mahali pazuri sana pa kumtaja mtu.

Nikapokea advansi. Nikampelekea fundi kabla moyo haujanibadilika.

Jumatano, 6 Machi

Wimbo umeuzwa tena!

Asubuhi nikaitwa dukani kwa mwenye mabati. Jamaa mnene, anaongea huku anapiga kaunta kwa rula. Amepata fununu kwamba ndugu yake, yule wa magodoro, ananunua wimbo wa mama. Yeye hawezi kukaa nyuma. Atalipa zaidi, ila ndugu yake asijue, anataka kumshtukiza. Nikauliza kwa upole ni ndugu wa namna gani. Akasema ndugu wa damu, baba yetu mmoja.

Nilikaribia kumbusu. Baba mmoja, mama mmoja, wimbo mmoja, malipo mawili! Sijapata kuona biashara yenye adabu kama hii. Sikuuliza zaidi. Kwa nini nimchokoze mteja anayetoa pesa?

Fundi amepokea sehemu yake ya pili, ameagiza giaboksi. Ukumbi tumepewa kwa kesho alasiri.

Ikabaki kumlainisha mdogo wangu. Nilimkuta anashona zipu ya gauni lake. Nikamwambia kwamba wazee wa mji wamemsikia akiimba uani, wameguswa, wameomba wimbo wa mama. Akaacha sindano. Akauliza ni nani amelipa. Nikasema hakuna. Akauliza mara ya pili, akinitazama usoni. Nikaapa kwa jina la mama.

Mama mwenyewe angeelewa. Aliwahi kuuza kabati la shangazi na shangazi yupo chumbani.

Mdogo wangu akafurahi, furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Akasema kumbe bado kuna watu wanaosikiliza. Ametumia mchana mzima kupiga gauni pasi. Mpiga besi ananitazama kwa jicho la pembeni. Wivu.

Alhamisi, 7 Machi

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Ukumbi wenyewe ni ghala la saruji lililofagiliwa. Watu walijaa. Mbele kabisa palikuwa na viti viwili vya heshima, kimoja kina nailoni ya dukani bado, kingine kimeletwa kwenye mkokoteni wa mabati. Nikadhani kimoja ni cha mama na kingine cha shangazi. Mara wakaingia bibi wawili, mmoja kwa mlango huu na mmoja kwa mlango ule, kila mmoja na wajukuu wake. Wakakaa. Hawakusalimiana.

Nikamuuliza mlinzi wa mlangoni. Akanishangaa. Akasema hao ni wake wenza, mke mkubwa mama wa mwenye mabati, mke mdogo mama wa mwenye magodoro. Hawajasemezana tangu mazishi ya mume wao. Wanagombania nani abaki na nyumba.

Roho ikanitoka, ikarudi. Ningeweza kusimamisha kila kitu. Lakini pesa zilikuwa zimeshaingia kwa fundi, na fundi hazitapiki. Nikapanga kutumia akili. Nikashika kipaza sauti, nikatangaza kwamba wimbo huu ni zawadi kwa mama. Sikusema mama yupi. Kila mama akajua ni yeye.

Mdogo wangu akaanza. Alifumba macho. Ukumbi mzima ulitulia, hata watoto. Kisha akafika pale: *nyumba hii haina mama mwingine.*

Bibi wote wawili wakainuka kushukuru. Wakaonana. Mke mkubwa akamwamuru mwenzake akae, aliyeitwa ni mke mkubwa. Mke mdogo akauliza ameitwa na nani, na lini, na katika nyumba ipi. Wana wao wakaja mbio mbele, mwenye magodoro akisema wimbo ameulipia yeye, mwenye mabati akisema ameulipia yeye na kwa bei kubwa zaidi, na wote wakaninyooshea kidole.

Mdogo wangu akanyamaza katikati ya wimbo. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Akaweka kipaza sauti juu ya spika, taratibu, akanisogelea, akauliza kama nimelipwa na mmoja au na wote wawili.

Nikamjibu kwamba mmoja hajamalizia.

Akashuka jukwaani. Sikupata nafasi ya kumfuata, kwa sababu mke mkubwa alikuwa na fimbo na mke mdogo alikuwa na mkoba wenye kitu kizito ndani. Wanawake ambao hawajasemezana tangu mazishi, leo walisaidiana vizuri sana.

Ijumaa, 8 Machi

Wateja wanataka pesa zao. Nimewaelekeza kwa fundi, fundi amewaonyesha giaboksi, wakaona haiwezi kugawanywa. Basi wamechukua spika, kila mmoja na yake.

Mdogo wangu hasemi nami. Nimesimama nje ya mlango wake nikamweleza kupitia tundu la ufunguo kwamba nilifanya yote kwa ajili yake, ili alale kitandani kama binadamu. Baadaye akamtuma mpiga besi. Mpiga besi akanipa ujumbe huku anachokonoa meno: dada anauliza, kile kiapo nilipokiapa, sura ya mama ilinijia au haikunijia.

Swali la kikatili. Ilinijia.

Mchana akatoka peke yake. Akaenda nyumbani kwa mke mkubwa, akaomba radhi, akamwimbia wimbo wake chumbani, bure. Kisha akaenda kwa mke mdogo, vilevile. Jioni spika zote mbili zimerudishwa gesti kwenye mkokoteni mmoja, na ndugu wawili wakiusukuma, deni wamelifuta. Wamempa mkono kila mmoja isipokuwa mimi.

Nimetafakari sana jambo hili na kosa langu nimeliona. Kumbe nilipaswa kuwatoza majumbani, mmoja mmoja. Ukumbi ndio ulioniponza.

Jumamosi, 9 Machi

Wamefunga virago. Nimeamka nikakuta vyumba vimefagiliwa. Mdogo wangu na mpiga besi wameondoka na lori la mikate kuelekea hotelini, pamoja na magitaa na spika. Gari bado liko juu ya mawe, giaboksi mpya imefungwa nusu, nusu inasubiri malipo.

Mpiga dramu alikuwa bado yupo, anafuata kwa basi la saa nne. Alibaki nyuma kwa ajili ya kigoda chake. Nilikuwa nimekikalia. Nikakataa kuinuka. Nikamwambia kila neno nililokuwa nalo kifuani: msaliti, mwizi wa bendi, na huyo dada yangu hana shukrani. Akasubiri nimalize. Kisha akanipa chupa ya chai, mkate uliofungwa kwenye kanga, na nauli ya kunifikisha nyumbani. Akasema vimetoka kwa dada.

Nikauliza, kama ana hasira nami hivi, chai ya nini.

Mpiga dramu akashangaa. Akasema si ndivyo wimbo unavyosema. Nikauliza wimbo gani. Akasema wimbo wa mama, beti ya mwisho. Akauliza kama kweli sijawahi kuisikia. Yeye amekaa nyuma ya mgongo wa dada kila safari, ameisikia yote. Akaisoma kavu, kama mtu anayetaja namba ya basi:

*Nduguyo ana maneno mengi, hana kitu.*
*Ukila, mwekee. Ukichoka, mvumilie.*
*Na ikibidi umwache njiani,*
*usimwache na njaa.*

Akasema hayo mama aliyatamka mwenyewe, kitandani, siku za mwisho, mdogo wangu akiwa amemshika mkono. Mimi siku hizo nilikuwa safarini natafuta pesa ya bendi.

Nikainuka. Akachukua kigoda chake akaenda.

Jumapili, 10 Machi

Mpiga besi ametuma ujumbe. Wamechukuliwa, mwaka mzima. Hakuongeza neno, hata la kunicheka. Afadhali angenicheka.

Nimekaa ndani ya gari pale gereji, kwenye kiti alichokuwa akilala. Kitambaa kimechakaa upande wa kichwa. Nimekunywa chai iliyopoa, nimekula mkate, nimelia. Nimelia kweli, mpaka fundi akaacha kugonga chuma. Mama alinijua. Aliniona tangu huko, akanipangia hadi nauli, na mimi nikamuuza kwa bei ya giaboksi.

Fundi akaja dirishani kuuliza kulikoni. Nikamwimbia ile beti. Sauti yangu si nzuri lakini leo ilikuwa na uchungu wa kutosha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akajifuta macho kwa gazeti, akabaki na grisi mashavuni. Akasema ana kaka wa namna hiyo hiyo, wamekosana siku nyingi. Akauliza kwa haya kama kaka yake anaweza kutajwa mle ndani.

Nimemwambia hapana. Nimemwambia wimbo huu ni wa mama yangu, hauuzwi.

Akatazama giaboksi. Nami nikatazama giaboksi.

Kisha nikamtajia bei.