Vita vya Milimita na Pembe ya Nne ya Bango

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, mnaochambua mchele na mnaongoja ndoo zijae. Punguzeni sauti ya redio, mpeni mtoto titi anyamaze, kisha mtege masikio, maana leo nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja la kidole gumba, wala havikuteka mji ila ukuta mmoja wa varanda, na bado nikivikumbuka moyo hunidunda. Namwomba Mwenyezi Mungu, aliyezitandaza mbingu pasipo rula, aliyeukata usiku ukaachana na mchana pasipo kubakiza vipande sakafuni, auongoze mkono wangu nisitie chumvi ila pale chakula kinapoidai.

Alikuwako shujaa, na yuko hadi sasa, kalala kifudifudi kwenye kochi langu na viatu vyake. Ni binti wa binti yangu, aliyeletwa kwangu kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na chuo, naye anasomea ubunifu wa michoro: mabango, nembo, maboksi ya dawa ya meno, na vitu vingine ambavyo mimi nilidhani huota vyenyewe madukani. Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini hapa nyumbani na kwa majirani anaitwa Milimita. Nilimpachika mimi mwenyewe, siku aliposimama mbele ya kalenda yangu ya ukutani, akafumba jicho moja, akaniambia, "Bibi, hii imehama milimita mbili kushoto." Ilikuwa imehama tangu mwaka mpya, na nyumba haikuanguka.

Sifa zake ndizo hizi. Milimita mwenye jicho la mwewe na chumba cha panya. Milimita mwenye kuzivua sabuni nguo, anayezibandua karatasi zake kabla hazijatumika kwa kuwa ameipenda ile karatasi, hata bafuni mwetu sabuni hukaa uchi bila haya. Milimita msimama njiani, aliyewahi kulitazama bango la kinyozi lililochorwa kwa mkono, kile kichwa chenye sikio moja kubwa kuliko jingine, mpaka kinyozi akatoka nje kumuuliza kama anataka kunyolewa. Chini ya kitanda chake kuna viberiti vitupu, mifuko ya unga, vifuniko vya chupa na tiketi za watu asiowajua. Nikimwambia atupe, hushika kifua kama mtu aliyechomwa mkuki. "Bibi, hapo ndipo ninapopata msukumo!" Nami humjibu kwamba basi na huo msukumo umsukume hadi jikoni akaoshe vyombo.

Upande wa pili wa uwanja alisimama mwalimu wao, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Guniya, kwa sababu hatembei bila guniya, kile chuma cha pembe mraba ambacho maseremala hupimia fremu za milango. Kazi ya mwanafunzi ikifika mezani pake, haangalii sura kwanza. Huweka chuma chake pembe ya kwanza, akahamia ya pili, akazunguka mpaka ya nne, na akikuta pembe iliyolegea hurudisha kazi bila kuuliza kama mtu ana homa au ana msiba.

Sasa basi, Bwana Guniya alitoa amri kwamba kila mwanafunzi achore bango la kitu kimoja cha nyumbani kwao, na atakayeshindwa arudie somo mwaka ujao. Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la kununa tu. Kwa Milimita lilikuwa kufa na kupona, maana mama yake, ambaye ni binti yangu na namjua kwa ukali wake, alikwisha kuapa: "Akirudia hata somo moja, anarudi nyumbani kukaa dukani. Sabuni azipendazo atazipanga huko mpaka achoke." Na binti yangu akiapa, ameapa.

Shujaa akazunguka nyumba akitafuta kitu cha kuchora. Alikitazama kiti, akaitazama pasi, akanitazama na mimi nikamwambia asithubutu. Mwisho macho yake yakatua juu ya birika langu la chai, lile la bati lenye kifuniko kisicho chake, kwa kuwa cha kwake kilipotea zamani na nikalivika cha sufuria ndogo. Akalichora. Akalifuta. Akalichora tena hata kwenye mvuke wa kioo cha bafuni. Alipomaliza, birika lilisimama peke yake juu ya weupe mtupu, jeusi na jekundu, kifuniko kimekaa upande kama kofia ya mlevi, na chini yake maneno mawili: Kaa kidogo. Nimelishika birika hilo kila asubuhi tangu nikiwa bibi harusi, wala sikuwahi kujua kwamba lina shingo.

Bwana Guniya akalirudisha.

Pembe tatu zilikuwa sawa. Ya nne, ile ya chini kulia, kisu kiliteleza, na ukingoni pakabaki kimstari cheusi, kifupi kama kope. Kile kilikuwa masalia ya alama za kukatia, yaani vimstari vinavyochapwa nje ya bango kila pembe ili mkataji ajue pa kupitisha kisu, kisha hukatwa vikatupwa pamoja na ukingo. Mwalimu akakizungushia duara la kalamu nyekundu, akasema, "Kesho kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo nafunga mlango."

Kesho yake asubuhi Milimita akaondoka kwenda kuchapisha upya, akarudi na bomba la karatasi kwapani, uso unang'aa kama wa mtu aliyeahidiwa pepo. Akalikunjua bango juu ya meza kubwa aliyoiacha marehemu mume wangu, akasimama mbele yangu, akahutubia.

"Bibi, jana nilishindwa na kimstari. Kimstari! Kitu ambacho hata sisimizi angekiruka. Usiku kucha nimekiwaza, nikasema, adui huyu hatanigusa tena. Basi leo nimezizima alama zote. Hakuna hata moja. Tazama usafi huo!"

Nikatazama. Kweli palikuwa safi. Birika katikati ya weupe, na weupe wa bango ukaingia katika weupe wa karatasi kama maziwa yaliyomwagika juu ya shuka.

Akachukua rula yake ya chuma. Akaiweka kulia, akaiondoa. Akaiweka juu, akaiondoa. Kisha shujaa wangu, jemadari wa mistari, akageuka polepole akaniangalia.

"Bibi... nakata wapi?"

Enyi wasikilizaji, nimeona watu wakipewa habari za msiba, nami nimepewa yangu. Uso ule niliujua. Huyu mtoto alimchukia adui hata akaibomoa na barabara aliyopaswa kupitia. Akaruka mlangoni kwenda tena kwa mchapishaji, na kabla hajavuka kizingiti, feni yangu ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme umekatika mtaa mzima. Huko kwa mchapishaji mashine zilikuwa zimelala kama ng'ombe wakati wa joto.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya miguu, haijui umeme. Aliposikia kilio akaja, mkanda wa kupimia shingoni, mkasi mkononi.

"Kuna nini, mama? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Ni karatasi haina mpaka."

Akalitazama bango, akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada Milimita, unaenda chuo kusomea kukata karatasi? Lete hapa. Mkasi huu umekata suti za mabwana harusi wasiotulia. Nakukatia kwa macho tu."

Milimita akanyoosha mgongo, na ingawa machozi yalikuwa bado shavuni, sauti yake ikawa ya mfalme aliyekataa kutoa lango la mji. "Fundi, nakuheshimu. Lakini suti ikikosewa, mtu anavuta tumbo. Guniya havuti tumbo. Rudi na mkasi wako, niachie sindano."

"Sindano ya nini?"

"Sijui bado. Niachie tu."

Fundi akachomoa sindano kwenye kola ya shati lake, akampa, akarudi kwenye cherehani akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wasomi wa siku hizi wana kazi.

Mimi niliketi na kumtaja Mungu kimoyomoyo, nikimwangalia. Mambo ya mistari si yangu. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Pale dirishani ndipo alipokuwa amelitupa bango la kwanza, lile lililorudishwa, na jua la asubuhi lilikuwa likipita ndani yake hata duara jekundu la mwalimu likaonekana kwa nyuma. Akasimama. Akalitazama kama alivyolitazama bango la kinyozi.

"Bibi," akanong'ona, "mapazia haya yanatoka?"

"Yanatoka, lakini..."

Yalikwisha toka. Akalibandika bango la kwanza kwenye kioo kwa utepe wa gundi, akalileta jipya akalilaza juu yake, na mwanga ukapenya yote mawili. Hapo nikaona jambo la ajabu: mabirika mawili yakitafutana ndani ya mwanga, moja likienda kushoto, jingine likipanda, shingo ikikutana na shingo, kifuniko kikilala juu ya kifuniko, mpaka ghafla yakawa birika moja, na kingo za bango la zamani zikaonekana ndani ya lile jipya kama mifupa ndani ya mkono. Pembe tatu za zamani zilikuwa nzima. Akashika sindano, akatoboa pembe ya kwanza. Akatoboa ya pili. Ya tatu ikamtoboa yeye.

"Usidondoshe!" nikapiga kelele, maana tone jekundu lilikwisha kuvimba kwenye gumba lake, juu ya weupe wote ule. Kidole kikaingia mdomoni haraka kuliko ndege anavyoingia kiotani. Shujaa akabaki amenyonya gumba kama alivyokuwa akifanya utotoni, bango limebanwa kwa kiwiko, akiniashiria kwa macho nilishike.

Nikalishika. Naam, na mimi nilikuwamo vitani.

Pembe ya nne haikuwapo pa kuitoboa, kwa kuwa ndiyo iliyoharibika. Ikatafutwa kupitia dada zake: upana wa juu ukapimwa ukashushwa chini, urefu wa kushoto ukapelekwa kulia, na pale vipimo vilipokutana, sindano ikaingia. Kisha bango likalazwa mezani juu ya kadi nene, rula ya chuma ikaunganisha tundu na tundu, nami nikaamriwa niikandamize kwa viganja viwili.

"Bibi, kaza. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Mpaka nifike chini."

"Mtoto, mimi ni mtu mzima, naweza kufika chini kabla yako."

"Bibi, usinichekeshe, mkono unatikisika!"

Fundi akaja tena, akaegemea mlango. "Mama, mtakata roho nyote wawili kwa ajili ya karatasi."

"Nyamaza, fundi," nikasema bila kufungua meno. "Huoni tuko katika ibada?"

Kisu kikashuka. Mara ya kwanza kilipita kama pumzi, hata sikujua kama kimegusa. Mara ya pili kikasema sss, na ya tatu ukingo ukaachana na bango ukajikunja kando kama maganda ya chungwa. Tukageuza bango. Tukakata tena. Na kila upande nilisema maneno yangu ya sala niliyoyazoea ya kuombea wasafiri, kwa kuwa sikujua yaliyopangiwa kisu. Tulipofika pembe ya chini kulia, Milimita akafumba macho nukta moja, akayafungua, akakata. Ukingo wa mwisho ukaanguka miguuni pa fundi. Hakuna aliyecheka.

Tulilibeba bango katikati ya kadi mbili, mimi mbele yeye nyuma, kama watu waliobeba kioo. Nilikwenda chuoni kwa kuwa nilitaka kumwona huyo Guniya. Tulipoingia alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Shikamoo, mama," akaniambia, akaacha kitasa.

"Marahaba, mwanangu. Pima."

Akapima. Chuma kikakaa pembe ya kwanza, kikahamia ya pili, kikahamia ya tatu, na kwenye ya nne kikakaa muda mrefu. Mwalimu akainama jicho likawa usawa wa meza. Akapitisha ukucha ukingoni.

"Sioni mabaki ya alama za kukatia."

"Sikuzichapa, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nilizikasirikia."

Bwana Guniya akakiweka chuma chake mezani. "Sasa ulikata kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata kosa langu la jana. Nililiweka dirishani."

Mtu yule mrefu akatikisa kichwa, na nadhani alicheka, ingawa alicheka ndani kwa ndani. Kisha akatamka hukumu ambayo itasomwa na vizazi: "Limenyooka. Limepita." Akachukua vibanio, akatoka nalo varandani, akalitundika ukutani mbele ya chuo chote.

Tukasimama hapo. Wanafunzi wakapita. Mmoja akasema, "Jamani, birika kama la kwetu." Mwingine akakitazama kifuniko akatabasamu. Wa tatu alisoma Kaa kidogo kwa sauti, na kweli akakaa kidogo. Lakini, enyi watu, hakuna hata mmoja aliyeitazama ile pembe! Ile iliyotaka kumpeleka mtoto dukani, iliyotutoa damu na kututoa pumzi, walipita mbele yake kama hawana macho. Nikashindwa kuvumilia. Nikasogea mpaka ukutani, nikasimama kando ya bango kama mlinzi wa kaburi la mfalme, nikawa nawaita mmoja mmoja: "Wewe baba, rudi. Chini, mkono wa kulia. Pembe, mwanangu, tazama pembe!"

"Bibi," akanong'ona Milimita akinivuta mkono, masikio yake yamewaka, "twende nyumbani."

"Nitakwenda," nikamwambia. "Bado yule pale hajaiona."