Mama Scholastique Aondolewe Darasani Mwangu

Mudzipela, Bunia, Alhamisi

Kwa Bwana Inspekta wa shule za msingi,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii inakukuta wewe na nyumba yako katika afya, na katika amani hii yetu tunayoikanyaga kwa ncha za vidole. Mimi ni Mathieu Katsuva, mwalimu wa darasa la nne, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijawahi kulalamika, hata mwaka ule upepo ulipobeba bati zetu tukafundisha chini ya mawingu. Leo imenibidi.

Miezi mitatu iliyopita ofisi yako ilitutumia Mama Scholastique, mshauri wa walimu, atusaidie kufundisha hesabu kwa kufuata programu mpya. Naomba, kwa adabu yote, aondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Ameharibu kwaya yangu. Zamani tulijifunza kuzidisha kwa wimbo, na wapita njia walisimama kutusikiliza. Hakuna aliyeuliza tunaimba nini. Siku ya kwanza Mama Scholastique alikaa benchi la nyuma kati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu, kisha akamwomba Héritier, mwimbaji wangu bora, aeleze maana ya saba mara nane. Héritier akaimba tangu saba mara moja. Akaulizwa tena. Akaimba tena, kwa nguvu zaidi.

2. Ameleta neno "kwa nini". Programu inataka mtoto aeleze njia aliyopita hadi kufika kwenye jibu. Sawa. Lakini neno likishaingia kinywani mwa watoto themanini na wawili, nani atalifungia darasani? Jumapili, Constant, mwalimu wa katekisimu, alisimulia habari ya mikate mitano na watu elfu tano. Héritier akanyoosha mkono, akaomba kuonyeshwa hesabu ubaoni. Tangu siku hiyo Constant hanisalimu.

3. Ananipongeza nikikosea. Nilikosea hesabu ya kutoa ubaoni, jambo linaloweza kumpata mtu yeyote mwenye njaa. Badala ya kunikaripia pembeni, kama wakubwa wanavyofanya, aliwaambia watoto: "Tumushukuru Mwalimu, ametuonyesha mahali pa kufikiri." Wakanipigia makofi! Sasa wananitafuta makosa kama kuku anavyotafuta mchwa, na kwa bahati mbaya hawakosi chakula.

4. Hii ndiyo nzito. Amenifanya nitoke darasani saa za kazi, jambo ambalo kanuni inalikataza. Ilikuwa hivi. Tuna mtoto anaitwa Bijou, aliyefika mwezi wa kwanza pamoja na watu waliokimbia vita. Tangu afike hakufungua kinywa. Nilimweka karibu na dirisha nikamwacha, nikidhani huo ndio wema. Jumatatu tulikuwa kwenye hesabu za sehemu. Nikauliza: moja ya tatu na moja ya nne, ipi kubwa? Darasa zima likaitika kwamba moja ya nne, kwa kuwa nne inashinda tatu. Nilitaka kuwapa jibu twende mbele, Mama Scholastique akanishika mkono: "Ngoja kidogo, Mwalimu." Tukangoja. Bwana Inspekta, mimi sikuzoea kungoja darasani. Ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

Ndipo Bijou akasimama. "Ya ine ni kidogo," akasema. "Kwetu tulikuwa batu tatu kwa sahani moja, nilikuwa nashiba. Sasa tuko kumi na moja."

Nikasema naenda kutafuta chaki. Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Nilisimama nyuma ya choo cha walimu mpaka macho yakakauka, na niliporudi nilimkuta Bijou ubaoni, akichora sahani, wenzake wamemzunguka wanabishana naye, naye anabishana nao kwa sauti ya kumshinda hata Héritier. Hakuna aliyeona kwamba nimerudi. Je, hiyo ni nidhamu?

5. Kwa hiyo napendekeza apelekwe msituni Epulu, kwa okapi. Akawaulize kwa nini wana mistari miguuni na si mgongoni. Wale ni wanyama wapole, hawataki makuu, wala hawana wazazi wa kuja kumwuliza mwalimu mbona mtoto anapima mlango wa jirani kwa kamba.

Nategemea hekima yako. Wasalimie Mama wa nyumbani, watoto, na makarani wote wa ofisi, hata yule anayepotezaga barua zetu. Mke wangu Monique naye anakusalimu.

Mimi mtumishi wako mtiifu,
Mathieu Katsuva

Tena: Nilikuwa nalamba bahasha Direkta wa shule yetu alipopita kutuambia kwamba wiki kesho Mama Scholastique anahamia kweli shule nyingine, huko Mbunya. Wiki hiyohiyo naanza kufundisha kugawanya, na nimeandaa somo lisilo na wimbo hata mmoja. Sijalifundisha bado mbele ya mtu, na naogopa. Tafadhali, kila mahali nilipoandika "aondolewe", soma "asiondolewe". Ni herufi mbili tu zilizonitoka. Ningeandika upya barua nzima, ila karatasi imekwisha na mwenye pikipiki anayekuletea yuko mlangoni anapiga honi.