Mheshimiwa Haamki Asubuhi

Jumatatu, 3 Juni

Siri yangu iko hatarini. Miezi tisa sasa naegesha gari pale juu ya mteremko wa mtaa wetu, na kila anayeniuliza namjibu kwamba napenda mandhari. Hakuna mandhari. Kuna ukuta wa mashine ya kusaga na mtaro. Ukweli ni kwamba Mheshimiwa haamki asubuhi kwa ufunguo. Mchana jua likiwa kali, sawa. Asubuhi ya baridi, hapana. Kwa hiyo naachia breki, tunateremka wote wawili, tukifika kwa kinyozi natia gia ya pili, anakohoa, tunaondoka na moshi wetu. Mpaka leo hakuna aliyenishtukia.

Mheshimiwa ni gari la dizeli la marehemu baba mkwe. Mzee alipofariki, mama mkwe alinikabidhi funguo kwa muda, na shemeji, kaka wa mke wangu, akanuna. Ana pikapu yake ya dizeli lakini analitaka na hili. Laiti angelipenda! Anataka kung'oa injini aiweke akiba, na bodi aigeuze banda la kuku. Amekwisha kulipima kwa futi kamba. Nilimwona.

Leo mke wangu ameleta ujumbe wa mama yake. Jumamosi nipeleke gari kwake, lilale uani. Jumapili saa moja asubuhi atapanda, nimpeleke kwa mdogo wake. Likiwaka kwa ufunguo, bila kusukumwa na mtu, kadi ya gari itaandikwa jina langu. Lisipowaka ni la shemeji na kuku wake. Shemeji atakuwepo kushuhudia.

Ua wa mama mkwe ni tambarare tupu.

Nimemwambia mke wangu hakuna shida yoyote. Nimesema kwa sauti nzito. Ameniangalia muda mrefu, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 4 Juni

Nimejua ugonjwa! Plagi za hita. Injini ya dizeli haina cheche. Ina plagi nne, vijiti vya chuma vyenye ncha nyembamba, vinavyopasha moto ndani ya silinda kabla hujapiga stata. Vikifa, asubuhi ya baridi utapiga stata mpaka betri iombe msamaha. Yote haya niliyajua siku nyingi. Tangu saa nne asubuhi, fundi aliponieleza.

Fundi ni mama mmoja mwenye gereji nyuma ya soko, ndiye aliyemhudumia Mheshimiwa enzi zote za Mzee. Ameniuliza kama nimezipima hizo plagi kabla ya kuzihukumu. Nimemwambia mtu anayejua hapimi. Amesema haya baba, akarudi chini ya lori lake.

Nimenunua plagi nne mpya. Kila moja na boksi lake. Nimezipanga mezani tukala nazo chakula cha jioni.

Jumatano, 5 Juni

Mambo yananyooka. Nimemteremsha Mheshimiwa mpaka mbele ya nyumba na kufungua boneti. Plagi tatu zimetoka kwa spana kama nilivyotaka. Ya nne imegoma. Nimeikazania. Ikatoa mlio. Nikakazania zaidi. Mara nimesikia sauti ya fundi nyuma yangu. Alikuwa anapita zake na kikapu, na alinisihi, kwa jina la Mzee, niache. Plagi ikikatikia ndani, kichwa chote cha injini kitashuka, na Jumapili nitampeleka mama mkwe kwa miguu. Ametaka niimwagie mafuta ya kulegezea kutu, niiache ilale, kisha niichokoe taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo.

Nilikuwa nimeshaamua hivyo mwenyewe. Nimeweka spana chini nikamshukuru kwa kupita.

Alhamisi, 6 Juni

Imegoma. Mafuta zaidi. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Mke wangu ameuliza kama naibembeleza ilale. Shemeji amepita na pikapu yake, akapunguza mwendo makusudi, akauliza kama kuku wanahitaji dirisha upande wa dereva. Nimecheka kwa meno tu.

Ila nimeona kitu. Aliposimama pikapu ikazimika, na kuwaka tena ilikuwa kazi. Na yeye plagi zake zimechoka!

Ijumaa, 7 Juni

Imetoka! Saa tisa alasiri, mbele kidogo, nyuma kidogo, ghafla ikalegea kwa hiari yake. Nimepiga ukelele, mke wangu akakimbilia nje akidhani nimeumia. Nimemkumbatia na mikono yangu ya oili. Hilo nalo limezungumzwa.

Na sasa akili imenifunguka. Zile plagi kuukuu ni nyeusi tii, lakini chuma ni chuma. Nizing'arishe, nizitie kwenye maboksi mapya, nimzawadie shemeji! Atanishukuru, atazifunga, na Jumapili asubuhi pikapu yake haitawaka. Hatafika kushuhudia chochote. Hata Mheshimiwa akikohoa kidogo, adui hayupo. Sijawahi kuwaza jambo zuri hivi nikiwa nimekaa.

Msasa laini. Dawa ya meno. Mswaki. Saa mbili za kazi na nilikuwa naimba. Zimetoka ziking'aa mpaka najiona sura. Nimezitia kwenye yale maboksi nione zinavyopendeza, na zile mpya nimezihifadhi kwenye bakuli la plastiki juu ya kabati. Kuukuu kwenye maboksi, mpya kwenye bakuli. Nimeyakariri.

Mke wangu ameuliza mswaki wake uko wapi. Nimemwambia atumie wangu, mimi nimefunga.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kazi. Nimeamka nikiwa mwepesi. Kwanza majaribio, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Nimetoa plagi moja mpya kwenye boksi. Mwili wake nikaubana kwenye waya wa hasi wa betri, kichwa chake nikakigusisha chanya. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ncha ikawa nyekundu kama kaa! Nimemwita mke wangu aone tofauti ya kitu kipya. Ameona. Ameona pia kwamba niliiweka juu ya kigoda chake chenye mto kusudi nipige makofi. Tundu si kubwa. Kidole kinapita.

Nimezifunga zote nne, moja moja, kutoka kwenye maboksi. Juu yao kuna ukanda wa bati unaozigawia umeme, na nati inayoshika waya mnene ilikuwa inazungushika kwa vidole, nyeusi kwa uchafu. Nimeisugua kwa msasa uliobaki na kuikaza. Si kazi ya maana, ila napenda unadhifu.

Kisha nimechukua zile za kwenye bakuli nikazipanga kwenye maboksi tayari kwa shemeji. Nilizing'arisha vizuri mno! Nilipoziangalia tena nilijishangaa. Hata uzi wake wa kukazia unaonekana haujawahi kuguswa na spana. Mtu angeweza kufungua kiwanda.

Saa saba mchana, jua kali, Mheshimiwa amewaka kwa ufunguo. Njiani nimempitia shemeji na zawadi. Nimemwambia tusahau yaliyopita. Amezipokea kwa mikono miwili. Hakusema neno la kuku. Nimetoka pale nikijisikia mwema kabisa.

Baadaye, tukiwa kwa mama mkwe, baada ya chakula cha jioni.

Shemeji amepiga simu. Ameshazifunga. Pikapu inawaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo. Alikuwa na kigugumizi cha furaha. Amesema hajawahi kupewa vitu vipya namna ile, hata grisi ya kiwandani ilikuwa bado imo kwenye uzi. Akaniita kaka.

Grisi ya kiwandani. Mimi nilisugua kwa dawa ya meno.

Nimekaa kitandani nikahesabu kwa vidole. Kwenye maboksi zilikuwa kuukuu. Kwenye bakuli zilikuwa mpya. Nimefunga za kwenye maboksi.

Ee mama yangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani. Nje baridi inauma masikio. Mheshimiwa katikati ya ua, amelowa umande, hana mteremko wowote duniani. Nimeuzunguka ua mzima nikitafuta hata upande mmoja ulioinama. Nimeweka kokwa la parachichi chini nikaliangalia. Halikubingirika.

Kufa kupona. Nimechemsha maji, nikajaza chupa mbili, nikazilaza juu ya injini. Nimevuta blanketi la kitanda chetu, mke wangu akiwa bado ndani yake, nikalifunika boneti. Nilikuwa nalichomekea pembeni, nikimnong'oneza Mheshimiwa maneno ya kumsihi, nilipohisi mtu nyuma yangu.

Mama mkwe. Kitenge mabegani, kikombe mkononi. Sikujua ameanza kusikia wapi.

Akaligusa blanketi. Kisha akasema Mzee naye alikuwa hivyo hivyo. Asubuhi za baridi alitoka na blanketi, akalifunika, akaliongelesha, na yeye alikuwa akimcheka kutoka dirishani. Amesema hakutegemea kumwona mtu mwingine akilifanyia hivyo. Macho yake yalikuwa yamejaa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilimpenda sana mama yule wakati ule, na nilijionea aibu sana. Nikaweza tu kusema, "Ndiyo, mama."

Saa moja kamili pikapu ya shemeji imeingia uani inaunguruma kama jana imetoka dukani. Mke wangu akasimama mlangoni na uso wa mtu aliyenyang'anywa blanketi. Mama mkwe akapanda mbele, pochi mapajani. Nikaondoa blanketi. Chupa nikazificha kwenye koti.

Nikajikaza kisabuni. Ufunguo nusu. Taa ya manjano ya plagi. Nimehesabu mpaka ishirini, kisha nikarudia. Shemeji akachungulia dirishani kuuliza kama tunasali. Tulikuwa tunasali, mmoja wetu. Nikamalizia kuzungusha.

Akawaka! Hakukohoa! Hakutoa moshi! Aliamka kama mtu aliyekuwa amefumba macho tu akitusikiliza. Nimepiga honi bila kukusudia. Mama mkwe ameshika dashibodi kwa mkono wake mmoja, taratibu, na hakuutoa mpaka tulipofika kwa mdogo wake.

Kabla hatujatoka uani shemeji ametangaza mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyekosea. Kwamba mwenzake, katika wiki ya ushindani, amemzawadia plagi mpya kwa mkono wake. Amesema gari libaki kwangu na mambo ya kuku ameyafuta. Mama mkwe akasema roho kama yangu Mzee angeijua tangu mlangoni. Kadi inaandikwa jina langu.

Niliinamisha kichwa. Wote walidhani ni unyenyekevu. Mke wangu peke yake aliniangalia kwa jicho la mswaki.

Nimefurahi leo. Basi, nimefurahi kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa fundi kumpa habari za ushindi wangu. Nimesimulia yote isipokuwa yale ya maboksi. Amesikiliza, kisha akauliza swali moja, kama ile nati ya waya mnene juu ya ukanda ilikuwa imelegea. Nimesema ndiyo, ilizungushika kwa vidole. Amecheka mpaka akakaa juu ya tairi. Plagi zile kuukuu alizifunga yeye mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya Mzee kufariki. Hazijawahi kuwa na kasoro. Umeme tu ulikuwa hauzifikii. Miezi tisa, nati moja. Amefuta machozi kwa mkono wa ovaroli akasema, "Baba, siku nyingine pima kwanza."

Kwa hiyo ni mimi niliyelitengeneza gari! Nati niliikaza mimi, bila kuambiwa na mtu, kwa unadhifu wangu mwenyewe. Nimemshukuru kwa kulithibitisha hilo.

Nimemsimulia mke wangu. Amesema mteremko nao mtaa mzima ulikuwa unaujua. Nimekataa katakata. Akaniita dirishani. Nje kinyozi alikuwa anamlalamikia jirani kwamba leo amechelewa kufungua duka, maana siku zote huamka akitusikia tunakohoa mbele ya mlango wake.

Mke wangu amepata mswaki mpya. Ameuficha.

Jioni hii, nikitoka kazini, nimesikia stata ikilia kidogo. Sauti ya kuchoka. Sikuipima, naijua. Nimepitia duka la vipuri nikaagiza mpya. Ile kuukuu nitaisugua vizuri, itafaa zawadi, maana shemeji amesema ya pikapu yake nayo inamsumbua. Nimejiwekea alama safari hii. Kuukuu kwenye boksi, mpya kwenye ndoo.

Mheshimiwa nimemwegesha pale juu ya mteremko. Jirani ameuliza kwa nini, na siku hizi gari linawaka lenyewe. Nimemwambia napenda mandhari.